Machozi ya Asali

Wamesimulia waliotutangulia katika imani kwamba zamani za kale, huko Ulaya, katika nyumba ya watawa iliyojengwa bondeni penye mvua nyingi, aliishi mtawa jina lake Adelgunda. Kazi yake ilikuwa kuchora picha katika vitabu vya sala. Alimchorea Bibi Irmina, mke wa mtawala wa nchi ile, kitabu chenye picha ya Bikira Maria akimlilia Mwanawe chini ya msalaba. Ilikuwa picha ya kuchoma moyo, na waumini, kama ilivyokuwa desturi yao, waliibusu wakisali.

Msimu wa mvua ulipofika, machozi yale yaliyochorwa yakalowa. Ukiyagusa, kidole kilitoka na maji. Bibi Irmina, ambaye binti yake Odila alikuwa taabani kwa homa, akaanguka magoti.

"Mama wa Mungu anamlilia mwanangu!" akasema. Akamfukuza tabibu na dawa zake, maana aliona kumpa mtoto dawa sasa ni kukosa imani. Watu wakafurika kuja kutazama.

Adelgunda peke yake ndiye aliyenyong'onyea. Wachoraji hutia asali kidogo katika rangi ili isipasuke. Yeye, kwa kutaka machozi yang'ae, alikuwa ameizidisha, na asali huvuta unyevu. Basi hivyo tu. Akamwendea Mama Mkuu wa nyumba, akamweleza.

"Nyamaza, binti yangu," akaambiwa. "Watu wamerudi kusali. Utawavunjia imani kwa ajili ya asali?"

Neno lile lilimweka njia panda. Alikuwa ameweka nadhiri ya utii, na sasa utii ulimtaka anyamaze. Lakini kila alipofumba macho kuomba, alimwona mtoto, midomo imemkauka. Hakuwa shujaa, tusimpambe. Moyoni alitamani Odila apone mwenyewe ili yeye asiseme kitu. Odila hakupona.

Siku Baba Askofu alipokuja kuutangaza muujiza, kanisa lilijaa hadi mlangoni. Akauliza kama yupo mwenye neno. Adelgunda akasimama, huku Mama Mkuu amemkazia macho.

"Baba, si muujiza. Ni asali niliyoizidisha mimi kwenye rangi. Mpeni mtoto dawa, nawasihi kwa jina la Yesu."

Bibi Irmina akamjia, uso umemsawijika, na wote wakadhani atampiga.

"Kwa hiyo Mama wa Mungu hakulia?"

"Picha haikulia, Bibi. Lakini yeye mwenyewe alimzika Mwanawe. Hawezi kuyadharau machozi yako."

Bibi Irmina akamshika mkono, akaukaza hadi ukauma. "Umeninyang'anya kitu pekee nilichokuwa nimekishikilia. Basi twende. Utakaa nami."

Tabibu akaitwa mbio. Wanawake wale wawili wakakaa kando ya kitanda cha Odila, mmoja akimnywesha dawa, mwingine akisali, na mara nyingine wakipokezana, hata homa ikamwachia na mtoto akaomba uji.

Ndugu zangu, Mwenyezi Mungu hajapata kutuomba tumtetee kwa uongo. Tena angalieni: wale walioushangilia muujiza walikwisha kurudi makwao. Aliyesema kweli ndiye aliyebaki pale kitandani.