Kiti cha Nyuma

Ukumbi husifiwa kutoka kiti cha nyuma. Wanafunzi wapya wa chuo cha kilimani, Bukoba, walikuwa wameisikia methali hiyo siku hiyohiyo, wakamwendea Mwalimu Muganyizi, mstaafu, kumuuliza imetoka wapi. Akawakaribisha barazani, akasema methali hii ilianza hivi.

Chuo kilipojenga ukumbi wake mkubwa wa mihadhara, kazi ya kuuchora na kuusimamia alipewa Kokugonza, binti wa hapahapa. Ilikuwa kazi yake kubwa ya kwanza. Wapo waliosema hataiweza. Yeye akajifunga kibwebwe. Ukumbi ukasimama, mzuri hata wapita njia wakageuza shingo. Kamati ikaja kuukagua, na si mnatujua sisi kwa heshima? Mgeni hakalishwi nyuma. Kila mkaguzi alipewa kiti cha mbele, akasikia vizuri, akasifu, akaenda zake.

Siku ya kukabidhi funguo, mama yake Kokugonza alichelewa. Alikuta viti vya mbele vimejaa, akapanda hadi safu ya mwisho, akaketi na wanafunzi. Kokugonza aliposhika jukwaa, mvua ikashuka, na mvua ya Bukoba haipigi hodi. Akaendelea kusema. Akamshukuru mama yake aliyemsomesha peke yake, watu wakapiga makofi. Mama naye akapiga, lakini binti aliona jambo lililomchoma: mama alitazama kwanza mikono ya wenzake, ndipo akapiga yake.

Kokugonza akaacha jukwaa, akapanda ngazi mpaka juu.

"Mama, nimesema nini juu yako?"

"Mwanangu, mimi nimesikia mabati tu. Lakini umependeza!"

"Hata sisi, dada," akasema mwanafunzi jirani yake. "Huku tunaambulia midomo inayocheza."

Kokugonza akamgeukia mwenyekiti wa kamati, Mzee Rwegasira, aliyekuwa amemfuata akihema.

"Mzee wangu, nisamehe. Leo funguo sikupi."

"Binti, wageni wote hawa! Na ndizi zimeshaiva jikoni!"

"Ndizi tutakula, Mzee. Ukumbi ndio mbichi. Kaa hapa nikateremke niseme, kisha uniambie umesikia nini."

Mzee akaketi, akatega sikio, akalitega na la pili. Aliporudi chini alisema neno moja tu: "Baki nazo."

Wengine walinong'ona kwamba binti amejiaibisha mwenyewe. Wapi! Alitoka pale kichwa juu, maana kazi ilikuwa yake na hakutaka isifiwe kwa kuonewa haya. Akaweka dari nene chini ya mabati, akavika kuta za nyuma mbao. Kisha akaomba sherehe ifanyike katikati ya masika, na wageni wa heshima wote wakae safu za mwisho.

Mvua ikaja kama mwalikwa. Kokugonza akasimama bila kipaza sauti, akarudia maneno yaleyale juu ya mama yake. Safari hii mama hakutazama mikono ya mtu. Alikuwa ameshasimama, analia na kupiga vigelegele, kabla ukumbi haujapiga kofi hata moja.

"Funguo hizo hapo, Mzee," Kokugonza akasema.

Tangu hapo, wanangu, hapa chuoni jengo halipokelewi mpaka wakubwa wakae mwisho. Ukumbi husifiwa kutoka kiti cha nyuma.