Babu yake Kiboko na Askari wa Australia

Ninayo ngano.
Ilete tuionje.
Ina chumvi nyingi.
Tutakunywa maji.
Na mkinyimwa maji? Basi sikilizeni.

Ukame uliingia nyikani, likabaki bwawa moja. Kiboko akajitumbukiza, chubwi, akalijaza lote. "Bwawa hili alilichimba babu yangu," akasema. "Asiye wa ukoo wangu asiguse."

Swala akaja na wanawe, ndimi nje. "Bwana Kiboko, watoto watanifia."

Kiboko akapuliza puani, pfuu. "Mlalamikie babu yangu."

Kisha akataka jambo liandikwe. Akamwita Sange, mwalimu wa historia, mnyama wa kuenea kiganjani mwenye pua ndefu. "Andika bwawa ni la babu yangu. Ukikataa nakukanyaga."

Sange akafungua daftari. "Naandika, mzee wangu. Ila babu mkubwa hivyo hatoshi mstari mmoja. Nitauliza, utajibu, wote washuhudie. Na kawaida yetu walimu unaijua: ukurasa ukiwa na uongo mmoja, tunauchana wote."

"Uliza."

"Nani alichimba bwawa?"

"Babu yangu."

Kwaru kwaru, kalamu ikaandika.

"Nani alijenga mapiramidi ya Misri?"

Kiboko hakujua Misri iko wapi, lakini sifa alizijua. "Babu yangu."

Kwaru kwaru.

"Mwaka 1932, kule Australia, askari wenye bombomu walitumwa kupigana na kundi lililoharibu mashamba. Risasi zikalia, tatatata. Mwisho askari wakarudi makwao, kundi likabaki linatamba. Hao askari nani aliwashinda?"

"Babu yangu. Tena peke yake."

Kwaru kwaru. Sange akaweka kalamu chini. "Walioshinda walikuwa ndege. Emu, warefu, wasioruka. Kumbe babu yako alikuwa ndege."

Mtoto mmoja wa Swala akacheka, kwi kwi.

"Na desturi ya bwawa ni ile ile," Sange akaendelea. "Ndege hunywa ukingoni, akaondoka, akapisha wengine. Toka, mzee wangu."

"Hilo la askari nilitia chumvi kidogo."

"Basi nauchana ukurasa. Na bwawa limo humo humo."

Kiboko akawaza. Mwongo, au ndege aliyeshinda jeshi? Akatoka, pwacha pwacha, akasimama ukingoni, akapiga funda moja huku ameinua kichwa kama kuku. Akaondoka zake.

Wanyama wakashuka. Watoto wa Swala wakanywa, glu glu glu, mpaka mama yao akawavuta mikia wapumue. Sange alikunywa mwisho, kisha akakaa matopeni.

Fundisho, walimu wangu: msiwachoshe watoto na mambo ya nchi za mbali. Hayana faida yoyote.

Ngano naitua hapa. Mwenye kiu akanywe.