Fimbo za Tabutany

Sogeeni, lakini msinisikilize kwa kutikisa vichwa tu. Katika kisa hiki simwamini mtu, na nyie pia msiharakishe kuamini.

Huko kwenye vilima vya chai vya Kericho palikuwa na mwanamke mfupi, mchuma chai, jina lake Tabutany. Alicheza gofu akawashinda waliomzidi kimo. Kiptonui, aliyembebea mkoba wa fimbo, alikuwa na jicho lisilopitwa na kitu. Wairuri, muuzaji wa duka la uwanjani, alijua kumpima mtu kama fundi cherehani. Naye Ouko mhunzi akishika chuma, chuma kilimtii.

Tabutany aliitaka timu ya taifa kufa na kupona. Mara mbili alijaribiwa, na mara mbili mipira yake ikapinda kushoto. Wakubwa wa timu wakamwambia ya tatu ndiyo ya mwisho. Akawa hali, halali.

Hapo ndipo Kiptonui alipofungua mdomo. Alimgeuzia fimbo akamwonyesha chini ya kichwa chake: udongo umeshika upande wa kisigino tu, ule ulio karibu na mpini, ncha ni safi. Fimbo zilikuwa ndefu mno kwake, ndiyo maana ncha ilielea na mpira ukaenda kombo. Mikono yake haikuwa na kosa. Tabutany akamuuliza aliliona lini jambo hilo.

"Zamani," akasema Kiptonui. "Hukuniuliza."

Jamani! Mtu kama huyo unamshukuru au unamkimbia? Na siku nyingine alimbebea mkoba mpinzani wa Tabutany. Mimi nasema hapo kuna namna.

Wakaenda kwa Wairuri. Huyu ndiye aliyemuuzia fimbo zile za kutundikwa dukani, akila kiapo kwamba zinamfaa kila mtu. Sasa, bila haya, akasema fimbo ya kumfaa kila mtu haipo, kila mchezaji atengenezewe zake. Lakini kazi aliijua. Alipima kimo, akapima kutoka kifundo cha mkono hadi sakafuni, akabandika utepe chini ya fimbo na kumpigisha mipira juu ya ubao aone utepe unachubuka wapi. Bila vipimo hivyo Ouko angekata kwa kubahatisha.

Ouko akakata mipini, akabana fimbo moja moja kwenye jiliwa na kukilaza kichwa chake ili ncha nayo iguse chini. Kazi safi, Tabutany akazichukua. Siku moja kabla ya jaribio, huyoo Ouko akaja kuziomba, eti azipanguse. Akazirudisha zikiwa fupi zaidi, na hakusema neno. Alikuwa amesikia kwamba Tabutany alipimwa akitoka kuchuma chai, gambuti zake za soli nene zikiwa miguuni. Watu wa kule hushinda nazo kutwa mpaka wanasahau kama wamezivaa, na Wairuri hakukumbuka kumwambia azivue, hivyo vipimo vikamzidishia kimo.

Siku ya jaribio Tabutany alishika fimbo akahisi imebadilika. Alidhani amehujumiwa, akapiga kwa sababu hakuwa na la kufanya. Mpira ukanyooka. Wa pili ukanyooka vilevile, na jioni jina lake likasomwa. Alipombana Ouko kwa nini alimficha, alijibiwa hivi: "Ningekwambia, ungekataa."

Sasa timu inasafiri ng'ambo, na kila mchezaji anaruhusiwa mtu mmoja wa kubeba mkoba na kulinda fimbo. Wote watatu wameitaka nafasi hiyo, na kila mmoja anasema bila yeye Tabutany angekuwa shambani saa hizi, na kila mmoja anasema kweli. Asipotaja jina kesho asubuhi, timu itampa mtu wao, asiyemfahamu hata kwa sura.

Nilimkuta ameketi na mkoba mapajani, ameukumbatia. "Hawa ndio walionifikisha," akaniambia, "na hakuna hata mmoja ninayeweza kumpa kisogo."

Niliogopa kumshauri, nikaondoka. Basi semeni nyie. Mmoja aliona akanyamaza, mmoja alimdanganya kisha akampima, mmoja alimwokoa kwa kumficha. Je, wewe ungemkabidhi nani mkoba huo, kisha ukageuka na kutembea mbele yake bila kuangalia nyuma?