Mlenda wa Bibi Mbeleje

Mla jua haanikiwi mlenda. Mmeyasikia maneno haya leo pale zahanati, mama mmoja akimwambia mumewe aache kumwita nesi kila mara aje kumtazamia mbuzi, nanyi mkacheka bila kujua mnacheka nini. Sogeeni basi. Maneno hayo yana mwanzo wake, na mwanzo wenyewe ni huu.

Hapa hapa Ugogoni, katika kijiji cha Chikunguni, alikuwapo mjane aitwaye Bibi Mbeleje, aliyeishi kwenye tembe na mjukuu wake Sechelela, mtoto wa miaka minane. Mama wa mtoto, Nyemo, alikuwa akipika chakula cha kuuza mjini Dodoma, na kule hakuwa na mtu wa kumwangalizia mwanawe mchana. Bibi alimpenda mtoto yule kuliko alivyojipenda mwenyewe. Lakini mwaka uliotangulia kibatari kilipinduka kikamuunguza Sechelela mkono, na Nyemo akaapa: siku atakayosikia kibatari kimewashwa tena mle ndani, atamchukua mwanawe, hata kama huko mjini watalala chini ya meza ya mboga.

Nyemo hakuishia kuapa. Mnadani alinunua taa ya jua, ile ndogo ambayo hata mpika wali anaimudu: kioo cheusi upana wa daftari, waya, betri na balbu moja. Akakiweka kioo juu ya paa la tembe, ambalo kama mjuavyo ni la udongo na limelala bapa, akamwambia mama yake, "Hiki kinakula jua mchana, jioni kinakupa mwanga. Hakitaki mafuta." Akarudi mjini.

Jioni Sechelela alipobonyeza swichi, Bibi Mbeleje aliinua uso. Kwa miaka arobaini aliijua nyumba yake ya jioni kwa kupapasa na kwa mwanga hafifu wa kibatari. Sasa aliziona nguzo, aliona masizi yaliyoganda kwenye boriti, aliuona uso wa mjukuu wake akitafuna ugali. Jua lile lile lililomchoma mgongo shambani mchana kutwa limekubali kuingia kwake, maskini yeye, na kutulia kwenye kona. Machozi yakamtoka. Akasimama, akajifunga kanga vizuri, akaisalimu balbu kama anavyosalimiwa mgeni: "Mbukwenyi." Sechelela akacheka mpaka akapaliwa.

Sasa, mnawajua wanawake wa kwetu na mlenda, ile mboga ya majani yenye utelezi. Majani huanikwa paani, na upepo wa kwetu hauna adabu, huyamwagia mchanga. Mwanamke ambaye mlenda wake unakwaruza meno husemwa hadi kisimani. Bibi Mbeleje alipanda juu, akakiona kioo: kisafi, laini, cha moto. Akaona Mungu amempa baraka mbili kwa mpigo. Akatandaza mlenda wake juu yake. Kufika saa saba ulikuwa umekauka, bila chembe ya mchanga. Kesho yake akaanika mwingine, na keshokutwa mwingine.

Jioni ya tatu balbu ilififia. Ya nne haikuwaka kabisa. Bibi aliipangusa, akaisalimu, akaibembeleza, wapi. Hofu ikamwingia kwamba jua limeikataa nyumba yake. Siku mbili wakala gizani. Siku iliyofuata akakitoa kibatari uvunguni, akakitia mafuta, akashika kiberiti. Njiti ilipowaka, mtoto alijivuta hadi mlangoni, ameukumbatia mkono wake. Bibi akaipuliza njiti. Wakala gizani tena.

Asubuhi Nyemo aliwasili kwa basi, na kabla hajaketi akanusa mafuta ya taa.

"Mama, umewasha kibatari?"

"Nimekijaza, mwanangu. Sijakiwasha."

"Na taa je?"

"Taa imenisusa."

Nyemo hakuuliza zaidi. Akaanza kukunja nguo za mtoto na kuzitia kwenye mfuko. Bibi hakubisha, maana kiapo alikuwa amekisikia kwa masikio yake. Alisema tu, "Basi panda juu uchukue mlenda mkale huko mjini. Hauna mchanga."

Nyemo akapanda.

"Mama, mlenda huu umeuanika wapi?"

"Kwenye kioo chako. Kinakausha vizuri ajabu."

"Tangu lini?"

"Tangu kesho yake ulipoondoka."

"Mama," Nyemo akasema taratibu, "nilikwambia kinakula jua. Sasa wewe, yule anayekula jua ukimwanikia mlenda, atakula nini?"

Bibi Mbeleje akashika kichwa. Akapanda mwenyewe, uzee na yote, akauondoa mlenda jani kwa jani, akakipangusa kioo kwa kanga. Basi la mchana likapita, Nyemo hakulipanda. Bibi akabaki paani mpaka jioni, akifukuza kuku, na kivuli chake kilipokigusa kioo alijisogeza upesi na kuomba radhi. Alikitazama kitu kile kidogo kikila jua lote lile bila kutoa sauti, na ule mshangao wa jioni ya kwanza ukamrudia, mkubwa zaidi.

Jioni Sechelela akabonyeza. Mwanga ukajaa nyumba.

"Leo inawaka," Nyemo akasema. "Ukisahau kesho, mama?" Mfuko wa nguo akauacha palepale mlangoni.

Kulipopambazuka Sechelela alichukua dumu la maji kama kila siku. Kisima ni cha kwenye korongo, mbali, na kila siku alifika shuleni wenzake wamekwisha kusoma somo la kwanza. Alikuwa amevuka kizingiti bibi yake alipomwita. Akamtazama mtoto kwa muda mrefu, tangu kichwani hadi miguuni, kama hajawahi kumwona. Kisha akamtoa dumu mkononi.

"Nenda shule, mama. Maji nitateka mimi."

"Mbona leo, bibi?"

"Mla jua haanikiwi mlenda."

Nyemo aliyasikia akiwa ndani. Akauchukua ule mfuko, akazitoa nguo za mwanawe moja moja, akazirudisha mahali pake. Kisha akaenda kusubiri basi, peke yake.