Pete ya Mama Subilaga

Sogeeni karibu mnisikilize, maana mwishoni nitawauliza jambo ambalo mimi mwenyewe limenishinda.

Huko Kyela, kwenye mashamba ya kakao, aliishi mjane aitwaye Subilaga na wanawe watatu. Atupele, binti mkubwa, alijua kakao: alikuwa akifunua majani ya migomba yaliyofunika punje zilizovundikwa ili zichachuke, ananusa, anajua kama zimekuwa tayari. Lugano, mwanawe wa kiume, alikuwa na mkono wa jikoni. Tusajigwe, kitindamimba, alijua kuuguza; mgonjwa aliyekataa chakula kwa wote, kwake alifumbua kinywa.

Mama alilima kakao tangu usichana wake, lakini chokoleti hakuwahi kuionja. Alipougua na kuzidiwa, mganga wa zahanati aliwaita watoto kando. "Mrudisheni nyumbani," alisema. "Mpeni anachotaka."

Wakamuuliza.

"Nataka kuonja kinachotoka kwenye kakao yangu," alijibu.

Ikatokea kwamba ushirika wa wakulima umeandaa warsha ya kutengeneza chokoleti, na kila mshiriki aje na kakao yake.

Atupele akachuma matunda, akavundika punje, akazianika. Ilikuwa msimu wa mvua. Kila wingu lilipotanda alizikimbiza ndani, jua likitoka anazirudisha. Mwalimu wa warsha alipotafuna punje moja alisema, "Aliyeandaa hii ameshamaliza nusu ya kazi."

Aliyekwenda warshani ni Lugano. Alikaanga punje, akazimenya, na umeme ulipokatika akasaga kwa kinu cha mkono hadi viganja vikatoka malengelenge. Chokoleti ya kwanza ikaganda vibaya, ina mabaka meupe.

"Inalika tu hiyo," mwalimu alimwambia.

"Mama ataionja mara moja tu," Lugano akajibu, akaiyeyusha na kuanza upya.

Tusajigwe ndiye aliyekuwa na hamu kubwa ya warsha ile, lakini alibaki. Mama alikuwa ameshakataa hata uji. Binti alimlowesha midomo kwa pamba, akamgeuza ubavu, akawa anamsemesha bila kuchoka. "Sasa hivi watakuwa wanakaanga, mama. Sasa wanasaga. Usituache. Ngoja kidogo."

Mama akangoja.

Lugano alipofika, na Atupele akaja mbio kutoka shambani, Tusajigwe alimwekea mama kipande ulimini. Mama akafumba macho, kikayeyuka taratibu.

"Kumbe ndiyo hii," alisema, akatabasamu. Kisha akavua pete yake ya ndoa. Kidole kilikuwa kimekonda, ikatoka yenyewe. "Mpeni aliyenitengenezea."

"Nani, mama?" Atupele akauliza.

 Mama alikuwa ameshaondoka.

Baada ya matanga, Atupele alisema, "Naitaka. Bila kakao yangu angeonja nini?"

"Alisema aliyetengeneza," Lugano akajibu. "Tazama viganja vyangu."

Tusajigwe alikuwa akilia. "Mngemletea nani chokoleti, kama nisingemshika mkono? Na ninyi mlimkuta dakika zake za mwisho tu."

Waliambiana maneno ambayo ndugu hawapaswi kuambiana. Pete ingali kwenye kikombe kabatini, hakuna aliyeigusa, na wale watatu hawali tena pamoja.

Basi ninyi mlionisikiliza: mama angepata pumzi moja zaidi, mnadhani angemtaja nani? Na kama pete ingekuwa mkononi mwenu, mngempa yupi?