Sikudhani na Povu la Zimwi

Paukwa!

Pakawa!

Kaa kitako, sikio lako nipe mimi.

Hapo kale palikuwa na kijiji kilichoitwa Kitopeni, kando ya mto Mzelele. Ng'ambo ya mto palikuwa na msitu, na ndani ya msitu alikaa zimwi mla watu. Lakini watu wa Kitopeni hakuwapata. Kila alipotia mguu majini, samaki waliitambua harufu yake. Walipiga maji kwa mikia, mto ukafura, ukamrudisha alikotoka.

Kijijini hapo aliishi mjane, jina lake Sikudhani, na binti yake mdogo, Mwanamvua. Kazi ya mama huyo ilikuwa kufua nguo za wanawake waliojifungua na za wagonjwa. Alifulia majivu na majani ya mkunazi, akasugua, akasuuza, akasugua tena. Viganja vilimpasuka hata chumvi ya mboga ikamchoma.

Siku moja alisikia sauti kutoka ng'ambo. Akainua macho, akamwona mtu amevaa kanzu inayoburuzika chini.

"Mama, mbona unajitesa?"

"Nguo hazijifui, baba."

Yule mtu akamrushia kibuyu. "Mimina, tikisa, ukapumzike."

Basi Sikudhani akamimina, akatikisa. Povu likapanda jeupe, linanukia maua, na uchafu ukatoka wenyewe. Jioni ile alikaa na mwanawe, akamsuka nywele bila kuona maumivu ya vidole.

Wanawake wenzake wakaja kuomba. Akawagawia wote, na kibuyu hakikuisha, kwa kuwa kilikuwa cha uchawi. Wakafulia, wakaoshea masufuria, wakasugulia sakafu. Povu lote likaenda mtoni. Kaa wakahama.

Siku ya pili yule mtu akaja, safari hii amesimama juu ya jiwe katikati ya mto.

"Samaki wapo?" akauliza.

"Wapo, ila wachache."

"Mimina, tikisa, ukapumzike," akasema, akamrushia kibuyu kingine, chenye povu zito zaidi.

Wakamimina. Samaki wakaelea matumbo juu. Mwanamvua alipooga, ngozi ikamtoka vipele, akajikuna usiku kucha.

Siku ya tatu yule mtu akavuka mpaka ukingoni. Maji hayakutikisika. Kanzu ilikuwa imelowa, imemganda miguuni, na Sikudhani akaiona miguu yenyewe: mipana kama nyungo, ina manyoya.

"Samaki wapo?"

Sikudhani akamvuta mwanawe karibu. Yule mtu akamtazama Mwanamvua, akameza mate.

"Mtoto amenona," akasema taratibu. "Mwezi ukiandama nitakuja na tenga langu. Wewe mimina, tikisa, ukapumzike."

Akarudi msituni bila haraka.

Sikudhani akajua kuwa ndilo zimwi, na kwamba povu lake ndilo lililowaua samaki. Halafu akavichukua vile vibuyu, akaenda navyo mbali na mto, akachimba shimo refu, akavizika. Akawaita wenzake, akawaeleza yote.

Jirani yake Mwantumu akasema, "Mikono yangu ndiyo kwanza imepona, shoga. Waniambia nirudie majivu?"

"Zimwi linakuja."

"Hilo zimwi umeliona wewe peke yako."

Sikudhani akaitazama mikono ya Mwantumu. Kisha akasema, "Basi leteni nguo zenu, na vyombo vyenu. Nitafua mimi, nitaosha mimi. Ninalotaka ni moja tu, povu lile lisiingie mtoni."

Wakamletea. Akafua kwa majani ya mkunazi. Akasugua masizi kwa majivu na makumbi ya nazi. Penye shombo akapitisha ndimu. Na hakuoshea mtoni tena. Alichota maji, akafulia kwenye karai, na maji machafu akayamwaga migombani. Vidonda vikafunguka upya. Mwanamvua akamfunga vitambaa, naye akaendelea.

Mwantumu alimtazama siku ya kwanza, akapita. Akamtazama siku ya pili, akapita. Siku ya tatu akaviona vile vitambaa vimelowa damu. Akatua mtungi wake, akakaa upande wa pili wa karai.

"Sogea," akasema. Akavuta nguo, akaanza kusugua.

Basi wengine nao wakaja, mmoja mmoja. Mvua zikanyesha, zikalisukuma povu lililobaki. Kutoka kijito cha juu, ambako povu halikufika, samaki wadogo wakaanza kushuka.

Mwezi ukaandama. Alasiri zimwi likatoka msituni na tenga mgongoni, halikujificha tena ndani ya kanzu. Wanawake walisimama ukingoni wameshikana mikono, watoto nyuma yao.

Zimwi likatia mguu majini. Kimya. Likafika magotini. Kimya. Likafika kiunoni, likacheka.

Chubwi. Mkia mmoja mdogo ukapiga maji.

Chubwi, chubwi. Mingine ikaitikia, huku na huku, mpaka mto mzima ukawa unavuma. Maji yakafura, yakalibeba zimwi na tenga lake, yakalizungusha penye kona, yakalizamisha. Halikuonekana tena Kitopeni.

Watu walikaa pale hata jua likazama, hakuna aliyetaka kuondoka. Kesho yake Mwanamvua aliomba kwenda kuoga. Mama yake akasita, akayatazama maji, akamwachia mkono. Mtoto akaingia hadi kiunoni, samaki wakamzonga miguu, naye akacheka mpaka wanawake kwenye karai wakageuka kumtazama.

Hadithi yangu imefika ukingoni, nami hapa naitua. Mjue, wajukuu zangu, kwamba maji unayoyamwaga leo ndiyo utakayoyateka kesho. Ukisafisha nyumba yako kwa kuuchafua mto, hujasafisha kitu.