Bunduki kwa Mapipa Manne ya Dizeli

Hapo zamani, nayo si zamani ya sungura na fisi bali ya juzijuzi tu, dizeli ilipokuwa ikipanda bei kila mwezi, palikuwa na kijiji kikavu kiitwacho Kalokwel. Watu na mifugo walikunywa kwenye kisima kimoja kirefu. Maji ya kisima yalivutwa na injini, na injini haina huruma: hakuna dizeli, hakuna maji. Mwanzoni dumu moja lilinunuliwa kwa mbuzi mmoja. Bei ikapanda, wakawa mbuzi wawili. Ikapanda tena, wakawa wanne. Mwishowe mbuzi wa kuuza wakaisha, injini ikanyamaza.

Asekon alikuwa mjane mwenye binti mmoja tu, Napeyok. Injini iliponyamaza, Napeyok akawa anachota maji kwenye mabwawa ya mbali, mwendo wa siku nzima, na hayo nayo yalikuwa yakikauka. Kila alipoondoka, mamake alishinda amekodolea njia macho. Hofu ilimla mama huyo mpaka mifupani.

Kijijini palikuwa na bunduki moja. Ilikuwa ya Etabo, kaka yake Asekon. Baba yao aliinunua kwa mafahali sita, na kwa kuiogopa wezi wa mifugo walipita mbali. Siku moja mchuuzi wa dizeli akaja na lori, akaiona.

"Nipe hiyo, nikuachie mapipa manne."

"Manne tu? Bei gani hiyo!" Etabo akafoka.

"Bei si yangu, mzee. Inapangwa huko mbali, mimi naibeba tu."

Kijiji kikakutana. Etabo akasema, "Asiye na bunduki anawachungia wenzake ng'ombe. Siuzi."

Lokwang, fundi wa injini, akamjibu, "Bunduki hainywewi, Etabo. Wezi wakija wakakuta mizoga, utalinda nini?"

Wakabishana mpaka sauti zikawakauka. Ndipo Asekon akasimama mbele ya kaka yake. "Kaka, mwanangu atanifia njiani. Uza, nakuomba." Etabo hakuwahi kumnyima dada yake kitu. Akauza.

Maji yakatoka! Sasa, desturi ya Kalokwel ni hii: mtu akitenda jambo kubwa, hutungiwa wimbo wa kunyweshea ng'ombe. Napeyok akamtungia mjomba wake: Etabo kauza chuma, katununulia mvua. Ulikuwa mtamu mno. Ukaimbwa kisimani, ukaimbwa malishoni, ukaimbwa mpaka mnadani. Na mnadani wezi nao huenda. Wakausikia, wakauelewa kuliko waliouimba.

Wakaja mchana kweupe. Etabo akatoka na fimbo, na fimbo itafanya nini? Wakaswaga ng'ombe wote, mbuzi wote. Napeyok alishika kamba ya ndama wake, akakataa kuiachia. Wakampiga risasi moja, akafa palepale kisimani, injini ikinguruma, maji yakimwagika bila mnyama wa kuyanywa.

Na desturi nyingine ni hii, nayo ni mbaya: mwenye hatia ya damu ya mtoto hanywi kisima kimoja na mama wa mtoto. Wezi wameshakwenda zao, mchuuzi anakunywa soda yake mjini. Wazee wakamwambia Asekon, "Mtaje mmoja wa hapa kijijini. Asipotajwa, wewe nawe hutakunywa." Mabwawa yalikuwa yamekwisha kukauka. Kutaja mtu ni kumuua.

Etabo akapiga magoti. "Nitaje mimi, dada. Mikono iliyoitoa bunduki ni hii."

Lokwang akasema, macho chini, "Ni mimi niliyewashawishi, sikatai. Lakini limebaki pipa moja, na injini ile naijua peke yangu. Nikiondoka, mtaivuta kwa meno?"

Mzee mmoja akakohoa. "Wimbo ndio uliowaita wezi, na mtunzi tumeshamzika. Mtaje marehemu, mama, asife mwingine."

Asekon aliposikia hayo alipiga yowe ambalo hakulipiga hata siku ya maziko. Mwanawe, aliyeimba kwa shukrani, ndiye awe mwenye hatia ya damu yake mwenyewe? Atajwe hivyo vinywani mwa watu milele? Kisha akakumbuka ni nani aliyesema "uza". Kaka yake alikuwa amekataa. Neno lilitoka kinywani mwake yeye.

Leo ni siku ya tatu hajanywa. Kibuyu cha maji kiko mbele yake, midomo imempasuka, wazee wameketi wanangoja jina. Etabo analia. Nyinyi mnaonisikiliza, mliokunywa maji yenu asubuhi mkashiba, na mnaojua sana kuhukumu: je, Asekon amtaje nani?